Mwanamke wa Mstari wa Mbali

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima ninayo furaha kuwatangazia wasomaji wote, wenye wapenzi na walioachwa, kwamba sura hii inahusu mapenzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea kwenye uwanja wa tenisi, na kwamba mimi, binti wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni mwenye nidhamu isiyotiliwa shaka, nilikuwepo kama shahidi tu. Sikuegemea upande wowote. Sikuwa na mkono katika jambo lolote.

Mkononi nilikuwa na karanga.

Na hizo karanga zenyewe zilinusurika kwa bahati, maana asubuhi ile shangazi alikuwa tayari kutunyima hata maji ya kunywa. Alisimama mlangoni mwa duka, mikono kiunoni, akimtazama baba anavyopiga pasi koti lake la kutokea. Baba yangu ni fundi cherehani. Ameshona makoti ya mabwana harusi hata hesabu imempotea, lakini yeye lake ni moja, na mwaka huu limetimiza miaka tisa.

"Kaka, hebu niambie ukweli," alisema shangazi. "Unaenda kuangalia tenisi au unaenda kuangalia mtu?"

"Naenda na mwanangu. Tangu wafunge shule hajatoka hata siku moja."

"Tenisi unaijua wewe?"

"Wanapigiana mpira. Ukidondoka nje ya mstari, umekosa."

"Na wa kusema umedondoka nje ni nani?"

Baba akaligeuza koti, akaipiga pasi kola ambayo ilikwisha kunyooka zamani.

"Nakuuliza, kaka! Miezi saba huli ukashiba. Mwanamke amekukalia kimya kama ukuta, leo unamfuata akakukalie kimya mbele za watu? Nilikwambia tangu mwanzo. Mwanamke anayeshinda juani ameinama, mikono magotini, anapayuka 'Nje! Nje!', siku moja atakuambia wewe. Si ndivyo alivyofanya?"

"Dada," baba alisema polepole, "leo ni siku ya mwisho ya mashindano. Kesho anahama mji. Acha nimwone tu. Nikirudi nitakula."

Shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe Karani, mwangalie baba yako. Asije akatuaibisha."

Karani ni jina langu la bwenini, likanifuata hadi nyumbani. Nililipata kutokana na huduma zangu kwa jamii. Msichana akitaka ruhusa ya kwenda hospitali na haumwi popote, huja kitandani kwangu na kipande cha sabuni, akaondoka na barua safi ya mzazi wake, yenye tarehe, pambizo iliyopigwa kwa rula na saini isiyo na wasiwasi. Hadi sasa nimekuwa baba wa wasichana kumi na wanne na mama wa tisa. Matroni hajawahi kunishika. Husoma, huguna, hugonga muhuri.

"Usijali, shangazi," nilisema. "Nitamlinda kama polisi."

Baba akatabasamu kidogo. Akaichukua futi yake, akaining'iniza shingoni kwa mazoea, akakumbuka anakokwenda, akaiviringa na kuitia mfukoni. Miwani ya kusomea akaiacha juu ya cherehani. Niliiona. Sikusema kitu, kwa sababu mambo ya mbali baba anayaona kama mwewe. Miwani ni ya kutungia uzi na kusomea daftari la vipimo.

Huyo mwanamke, baba alimpata kwa futi. Mwaka juzi waamuzi wa tenisi waliletwa dukani kupimwa sare. Waliingia mmoja mmoja, baba akapima, akaandika, akaita mwingine. Alipofika huyu mwenye shingo ndefu na sauti ya kuamrisha, baba aliandika kiuno chake mara tatu na mara zote tatu akakosea. Mara ya nne yule mwanamke akamnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe. Tangu siku hiyo yeye alimwita baba "Fundi", na baba akamwita "Mwamuzi", kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine wala mwamuzi mwingine.

Baba si mtu wa barua. Elimu yake iliishia darasa la saba, na anachoandika ni vipimo tu. Lakini katika koti la sare ya Mwamuzi alishona mfuko wa ndani ambao hakuna mwenzake aliyekuwa nao, na kila koti lilipoletwa kufungwa kifungo, lilirudi na kipande cha karatasi kimebanwa kwa pini ndani ya ule mfuko. *Bega 15. Leo jua kali, kunywa maji.* Au: *Mkono 23. Jana ulicheka, nikajidunga sindano.* Kwa baba hayo yalikuwa mashairi.

Halafu, miezi saba iliyopita, Mwamuzi akakatika. Hakuja dukani, hakuleta koti. Baba alipiga simu mara tatu haikupokelewa. Ya nne haikuita kabisa. Hakuuliza kwa nini. Alimzika mama yangu miaka minne kabla bila kujibiwa kwa nini, na nadhani tangu hapo aliliacha hilo swali.

Uwanjani, mkata tiketi alimshangaa.

"Mzee, wenzako wote wanagombea kivuli. Wewe unataka hapa juani?"

"Hapo hapo. Panapotazamana na mstari wa mbali, kushoto."

"Utaungua."

"Nipe viti viwili," alisema baba.

Tuliketi. Saruji ilikuwa ya moto, nikakalia mfuko wa karanga. Waamuzi wakatoka kwa mstari mmoja, koti la buluu, sketi nyeupe, wakasambaa kila mtu kwenye chaki yake. Mwamuzi akaja hadi kwenye kona iliyo mbele yetu, hatua kama ishirini hivi, akasimama mikono nyuma. Hakuinua macho.

"Amepungua," baba alinong'ona.

"Umejuaje?"

"Iangalie sketi. Mshono wa nyuma umezunguka umekuja pembeni. Sketi ikizunguka, kiuno kimekwisha. Inchi mbili." Akakunja jicho. "Mbili na nusu."

"Labda anafanya mazoezi."

"Wa mazoezi hupanda mabega. Yale yameanguka." Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika futi. "Ningempunguzia hapa na hapa. Kazi ya dakika ishirini, mama. Ishirini tu."

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Siku nyingine naona fahari. Siku ile lilinichoma.

"Baba, hatakuangalia," nilisema. "Ni sheria yao. Mwamuzi wa mstari haruhusiwi kuangalia watu. Jicho lake ni la mstari tu."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa kwenye mstari."

Mechi ikaanza. Walicheza wasichana wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na kama mtaniuliza nani alishinda sitaweza kujibu. Kwenye tenisi watu elfu mbili hukaa kimya kama wako kwenye mtihani. Mpira ukilala ndipo huruhusiwa kuwa na roho. Baba alisahau hilo. Katikati ya ukimya akasema, kwa sauti ya dukani, "Na viatu vile vinambana!"

"Watazamaji," akasema mwamuzi mkuu kutoka kwenye kiti chake kirefu, "kimya, tafadhali."

Bibi mmoja mwenye kofia pana akatugeukia. "Baba, kama umekuja kuuza viatu, soko liko huko nje."

"Samahani, mama."

Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka hadi nishikwe kwikwi. Lakini niliona kwamba ile sauti imemfikia Mwamuzi. Hakugeuka. Mgongo wake tu ulinyooka, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Gemu mbili baadaye, msichana mrefu alipiga mpira ukapaa juu ya kila mtu, ukagonga ukuta chini ya miguu yetu. Macho ya Mwamuzi yaliufuata, ndiyo kazi yake. Yakaufuata hadi ukutani, yakapanda ukuta, yakamkuta baba.

Sijui yalikaa hapo muda gani. Bwenini tunasoma kwamba mwanga husafiri kwa kasi kubwa. Pale nilishuhudia ukienda kwa miguu. Baba hakupunga mkono. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akabaki na upara wake juani. Na yeye kule chini akafumbua mdomo, kama anayetaka kumwita mtu, akaufumba.

Mpira uliofuata ulianguka ndani, kiganja kizima kutoka kwenye chaki. Hata mimi niliuona ndani.

"Nje!" akapaza Mwamuzi, mkono umenyooka.

Uwanja ukaguna. Mwamuzi mkuu akainamia kipaza sauti. "Masahihisho. Mpira ulikuwa ndani. Pointi irudiwe."

Watu wakapiga miluzi. Msichana mfupi akamkazia macho, akicheka kwa dharau. Mwamuzi akarudisha mikono nyuma, akainamisha kichwa, na kutoka pale juu niliona vidole vyake vinavyosokotana.

"Miaka kumi na mmoja," alisema baba, safari hii kwa sauti ndogo sana. "Miaka kumi na mmoja hajawahi kusahihishwa. Nimemharibia, mama. Twende nikamwombe radhi."

"Baba, turudi nyumbani."

"Twende."

"Shangazi alisema..."

"Mama, twende."

Waamuzi wa mstari hupokezana kila baada ya saa moja. Zamu yake ilipokwisha tukashuka kwa ngazi za nyuma, hadi kwenye ujia mwembamba wenye harufu ya mipira mipya na taulo mbichi. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi nje ya chumba cha waamuzi, amelegeza kamba za viatu. Kumbe vilikuwa vinambana kweli.

"Fundi," alisema, bila kuinuka.

"Mwamuzi."

Nikaona heri nami nisalimie.

"Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama kwa uso mzuri, mchovu, usio na chuki, na hilo ndilo lilinitia hofu. "Wewe ndiye Karani. Nimesikia habari zako nyingi kuliko unavyodhani."

"Nimekuja kuomba radhi," alisema baba. "Na kukuaga. Umekonda."

"Nimekonda, au sketi imepanuka?"

"Ningekupunguzia..."

"Usinipunguzie kitu, Fundi. Umeshapunguza vya kutosha." Akainua mkono wa kushoto, nasi tukaiona pete. "Naolewa wiki ijayo. Ni mtu mwema. Alinikuta nalia kwenye foleni ya benki, hakuniuliza nalia nini, akanishikia nafasi hadi nilipomaliza."

Baba aliitazama ile pete kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, ambacho hata ukifanyeje hakiungiki.

"Hongera," alisema.

"Hongera!" Akasimama, viatu havijafungwa. "Miezi saba nasubiri neno moja kutoka mdomoni mwako. Nitukane, niambie umenichoka, niambie nina kelele kama anavyosema dada yako. Leo unakuja kuniambia hongera?"

"Neno gani, Mwamuzi? Nimekupigia mara nne hukupokea."

"Si uliandika nisipokee?"

"Niliandika wapi?"

"Usinifanyie hivyo. Tafadhali, Fundi. Nifanyie chochote, lakini usinifanye mwendawazimu." Akaingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko ule ambao wenzake hawana, akatoa karatasi. "Nilidhani mfuko huu utajaa vipande vyako. Umekaa na hii. Naivaa kila mechi nisije nikasahau. Wewe mtu wa bega 15, mtu wa kunywa maji. Nikajua umetafuta mtu mwenye elimu akuandikie, ili uniumize vizuri."

Baba akaipokea ile karatasi. Akapapasa mfuko wa koti, wa kulia, wa kushoto. Futi, chaki, pini. Miwani iko juu ya cherehani.

"Mama," alinigeukia, akanipa karatasi. "Hebu nisomee."

Wasomaji, nimewahi kujiponya kwa matroni kwa kujifanya nimezimia. Ningeweza kupaliwa na karanga. Ningeweza kusema macho yananiuma, na hapo nisingekuwa nadanganya, maana yalikuwa yamejaa maji hata sioni vidole vyangu. Lakini baba alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, akinisubiri kwa imani yote, kama mtu anayengoja kusomewa majibu ya hospitali. Nikaishika karatasi mbele ya uso, nikasoma.

"Ndugu Mwamuzi. Yah: Kusitishwa kwa mahusiano. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninasikitika kukujulisha kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, imeonekana huna nafasi katika nyumba hii. Nyumba hii ina mama yake, hata kama amelala makaburini. Hivyo unaombwa usifike dukani, usipige simu wala usipokee, ili kuepusha usumbufu. Vitambaa vyako utaletewa. Nakutakia kila la heri katika kazi zako za baadaye. Wako mtiifu, Fundi."

Nilisoma vizuri sana. Nilipumua kwenye kila nukta. Mwalimu wangu wa lugha angenipa alama zote.

"Karani," alisema Mwamuzi.

"Abee."

"Hiyo karatasi hujaikunjua."

Nikafuta macho kwa mkono, nikatazama. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama ilivyotoka mfukoni. Kwa upande wangu hapakuwa na hata herufi moja, ila doa la jasho.

Uwanjani watu walishangilia kitu fulani, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Baba alikuwa wa mwisho kuelewa, na nilimwona anavyoelewa, polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni na hataki kuikanyaga. "Mama?"

Nilikuwa na uongo wa aina nyingi. Ulikuja mdomoni umejipanga mstari kama wasichana wa kidato cha kwanza. Nikaufungia mlango.

"Ni mimi, baba."

"Saini?"

"Yako ni rahisi. Ni mkia tu."

"Na pambizo umeipiga kwa rula ipi?"

Swali la fundi. Hata pale alitaka kujua kazi ilifanywa kwa kifaa gani.

"Ya mama. Ile ya mbao. Niliibeba shuleni."

Aliketi kwenye benchi. Mwamuzi hakuketi. "Kwa nini?" aliniuliza, na sauti yake ile ya kuamrisha ilikuwa imekwisha.

"Siku ya kutembelewa baba hakuja. Nilikaa kwenye benchi la getini tangu asubuhi hadi kengele ikalia. Wenzangu wote walikuwa na mtu. Hata yule ambaye kwenye barua baba yake huwa ni mimi, baba yake alikuja." Nilijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine. "Kesho yake nikaambiwa alionekana hapa uwanjani, amekaa juani, anakuangalia wewe. Nikajua ameshachagua, nikaandika barua, nikaituma kwa posta hapa hapa uwanjani."

Mwamuzi na baba wakatazamana. Huo ndio mtazamo ninaouona hadi leo nikifumba macho.

"Nilikuwa na mechi hadi saa tisa," alisema Mwamuzi. "Alikuja kunisubiri. Alitaka twende wote, akutambulishe kwangu. Mechi ikarefuka. Tulikimbia, mimi na sare yangu hivi hivi. Tukafika getini, mlinzi akasema kengele imelia dakika kumi zilizopita."

"Hapana," nikasema.

"Tulikuona. Mgongo wako, unakwenda bwenini. Baba yako akakuita kwa nguvu, mlinzi akamwambia anyamaze, wanafunzi wanajisomea."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Niliona aibu," alisema baba, akiongea na kofia yake. "Nikasema mwezi ujao nitawahi. Nitamleta tena, nitawahi. Mwezi ujao nikawa sina wa kumleta."

Mlango wa chumba ukafunguka, mtu akatoa kichwa. "Mstari wa mbali! Zamu yako."

Mwamuzi aliinama akafunga kamba za viatu. Zilimshinda mara mbili. Alipoinuka aliivuta ile pete hadi kwenye kiungo cha kidole, ikakwama hapo, akairudisha.

"Fundi, yule mtu hajanikosea kitu," alisema. "Nifanyeje? Niambie wewe."

Baba alitoa chaki mfukoni. Naapa alitaka kuandika, kokote, hata kwenye ukuta ule. Aliishika kama kalamu, akaitazama, na midomo yake ikachezacheza bila kupata kipimo chochote.

"Nenda," alisema mwishowe. "Ukichelewa watakusahihisha tena."

Akaenda. Kwenye mwanga wa mlango koti lilifunguka kwa upepo, nikauona mfuko wa ndani, umelala mtupu. Barua ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilipiga magoti mbele ya baba kwenye saruji ya ujia, yenye unyevu. Nilisema nitamfuata yule bwana wa benki nimweleze. Nilisema nitaandika barua nyingine, ya kweli, ukurasa mzima, na jina langu chini. Baba alikiweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kizito, chenye matundu ya sindano, akakiacha hapo bila kunipiga na bila kunibembeleza. Chaki ilikuwa imevunjika, imempaka weupe vidole vyote.

"Watazamaji," tukasikia kutoka uwanjani, "kimya, tafadhali."

Tukanyamaza kama wengine. Mpira ukapigwa, ukarudishwa, ukapigwa, ukarudishwa. Halafu sauti yake ikapanda juu ya ukuta, kali, safi, haitetemeki.

"Nje!"

Safari hii hakuna aliyemsahihisha.

Husika na tangazo langu la mwanzo wa sura hii. Nilisema nilikuwepo kama shahidi tu, na kwamba sikuwa na mkono katika jambo lolote. Naomba lifutwe. Mkono nilikuwa nao. Ni huu huu ninaoandikia.